Maneno ya chuoni tuliyoyajua kwa macho tu: tuzungumzie mkazo unaotuangusha tukiwasilisha kwa Kiingereza

Mpigambizi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Nina jambo limenikaa moyoni miaka minne sasa. Kwa kuwa vyuo vimefunguliwa na vijana wameanza kuwasilisha kazi za makundi, nimeona nilitoe hapa.

Tulikuwa mwaka wa pili, chuo kimoja hapa Dar. Kundi letu watu sita, na aliyebeba kazi ni dada mmoja kutoka Kigoma. Yeye ndiye aliyesoma makala zote, yeye ndiye aliyekaa steshenari hadi saa tatu usiku tukichapisha. Siku ya kuwasilisha akasimama mbele ya ukumbi uliojaa, projekta inawaka, akafika slaidi ya tatu. Kichwa chake kilikuwa neno moja: "hypothesis". Akasema "haipo", akavuta pumzi, akamalizia "theSIsi". Sauti ikatoka viti vya nyuma: "Kama haipo, dada, kaa tu!" Ukumbi ukalipuka. Na mimi nilicheka. Slaidi zilikuwa kumi na moja, alizimaliza kwa dakika mbili hivi, akakaa. Mpaka tunahitimu hakusimama tena mbele ya darasa. Kila kundi alilokuwamo, yeye aliandika, mwingine akasema.

Jioni ile nilimfuata kwenye vimbweta nikamwomba radhi. Hakunijibu kuhusu radhi. Aliniuliza, "Wewe unalitamkaje?" Nikasema haipo-THI-sis. Tukafungua kamusi kwenye simu yake, tukabonyeza pale penye alama ya spika. Ikasema hai-PO-thi-sis, mkazo (yaani silabi inayotamkwa kwa nguvu zaidi) kwenye PO. Tukarudia mara tatu tukiwa kimya. Kumbe niliyecheka nami nilikuwa sijui. Akaniambia neno lile analiona kwenye vitabu tangu sekondari na hajawahi kumsikia mtu akilitamka akatulia nalo. Mwalimu akilifikia analipita haraka, maelezo yote yanaendelea kwa Kiswahili.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia, na hili ndilo ninalotaka kulisema: tatizo letu kubwa si ulimi. Maneno haya yametuingia kwa macho, hayajapita masikioni. Darasa la kwanza hadi la saba tumesoma kwa Kiswahili, kidato cha kwanza tukatumbukizwa kwenye Kiingereza cha vitabuni, chuoni tukapewa handauti na mafaili ya kusoma kwenye simu. Penati na kona tumezisikia redioni mara elfu kabla hatujaziona zimeandikwa. "Paradigm" nani aliwahi kuisikia Kariakoo?

Na maneno yenyewe si bahari isiyo na mwisho. Averil Coxhead wa New Zealand alichapisha mwaka 2000 orodha ya maneno ya kitaaluma yanayojirudia katika masomo ya kila aina, ya sheria, biashara, sayansi na sanaa. Alipata familia 570 za maneno (familia ni neno na ndugu zake, kama analyse, analysis na analytical), na zilibeba kama asilimia 10 ya maneno yote katika maandishi ya kitaaluma aliyoyachambua. Humo utakuta analyse, method, theory, data, hypothesis, parameter, paradigm, phenomenon, hierarchy. Ni yale yale yanayotutoa jasho mbele ya projekta. Familia 570 kwa miaka mitatu ya shahada, kwa hesabu yangu, hazifiki hata nne kwa wiki.

Sasa nije kwenye kiini, nacho ni mkazo. (Hapa chini silabi yenye herufi kubwa ndiyo ya kukaziwa.)

Kiswahili kina utaratibu mzuri sana: mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho. Tunasema kiTAbu, tukiongeza silabi mkazo unasogea wenyewe, kitaBUni. Hatufundishwi, tunanyonya na maziwa. Yapo maneno machache yanayokataa. Barabára ni ya magari, barábara ni sawasawa kabisa, na anayezichanganya tunamshangaa. Kumbe hata sisi mkazo ukikaa pasipo pake tunapotea.

Sasa chukua "hypothesis". Ina silabi nne: hai-po-thi-sis. Kanuni ya nyumbani inatupeleka kwenye THI, na ndivyo nilivyotamka mimi. Yule dada alifanya zaidi kidogo. Kiswahili hakipendi neno kuishia na konsonanti, kwa hiyo ulimi wake uliongeza "i" mwishoni. Silabi zikawa tano, mkazo ukasogea mbele tena, ikatoka haipotheSIsi. Alifuata kanuni za lugha yake kwa usahihi kabisa. Ndivyo tulivyopata benki na kompyuta, na hapo tuko sahihi kwa sababu maneno hayo sasa ni yetu. Tatizo linakuja pale unapozungumza Kiingereza na msikilizaji anatafuta PO, haioni, anabaki anakodoa macho.

Nitaendelea. Karibuni wenye uzoefu.

Kimara Mwisho

Mkuu umenigusa. Niliwahi kufanya usaili kwa njia ya mtandao, msaili yuko Uingereza. Nikasema neno "analysis" kama ana-LAI-sis. Akaniomba nirudie. Nikarudia vile vile, kwa sauti kubwa zaidi. Akaniomba niandike. Mwenzangu aliyekuwa pembeni akaninong'oneza "a-NA-li-sis". Usaili uliendelea, lakini nguvu zilishaniishia. Naweka kambi hapa.

Mzalendo Halisi

Kwa heshima zote mwanzisha uzi, mbona tunajitesa? Mfaransa anaongea Kiingereza chenye Kifaransa ndani yake na hakuna anayemzomea. Mnaijeria ana chake, Mhindi ana chake. Chetu ndiyo hiki. Na dawa ya kweli ni kufundisha kwa Kiswahili mpaka chuo kikuu, basi.

Mpigambizi

Mzalendo, ahsante, hoja yako ni nzito na sehemu yake kubwa naikubali.

Lafudhi na kueleweka ni mambo mawili. Murray Munro na Tracey Derwing, watafiti wa Kanada, walilionyesha hilo mwaka 1995: mtu anaweza kuwa na lafudhi nzito kabisa na bado kila neno lake likaeleweka. Sitaki mtu yeyote hapa abane pua. "R" yako ibaki ya Songea au ya Musoma, haidhuru. Ninachosema ni kwamba mkazo ukihama, msikilizaji analitafuta neno jingine kabisa. Msikilize mgeni akikuambia "nimefurahi barábara hii imetengenezwa". Unasimama kwanza.

Kuhusu Kiswahili, niko nawe. Istilahi ipo: hypothesis ni nadharia tete, statistics ni takwimu, abstract ni ikisiri. Na angalia uzuri wake. Mpe mtoto wa darasa la tatu aisome "nadharia tete" kwa mara ya kwanza, ataitamka sawa, kwa sababu Kiswahili huandikwa kama kinavyosemwa. Pale Mlimani, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, watu wanaandika tasnifu kwa Kiswahili tupu. Lakini kijana wa biashara au uhandisi ana wasilisho Alhamisi hii, kwa Kiingereza, na lina alama. Huyo nimjibu nini leo?

Mwl wa Mbagala

Nafundisha sekondari mwaka wa tisa huu. Mwanzisha uzi umesema mwalimu analipita neno haraka. Ni kweli, na niwaeleze kwa nini. Mimi mwenyewe nilifundishwa na mwalimu aliyejifunza kwa macho, naye alifundishwa na mwingine wa hivyo. Neno "determine" nimelitamka "ditamaini" mbele ya wanafunzi kwa miaka saba, maana nililinganisha na "define" na "combine" ambazo kweli ni di-FAIN na kam-BAIN. Siku moja binti wa kidato cha pili aliyehamia kutoka shule ya Kiingereza akaniambia kwa adabu, baada ya kipindi, "Mwalimu, nadhani ni di-TA-min." Nikaenda kuangalia. Kumbe "examine" nayo ni ig-ZA-min, na "discipline" ni DI-si-plin. Kesho yake nilianza kipindi kwa kuwaambia darasa zima kwamba nilikuwa nimekosea, nikaandika ubaoni maneno yote matatu. Nadhani wapo mamia walioondoka na "ditamaini" yangu, na wengine sasa wako vyuoni.

Darasa moja lina wanafunzi wengi, spika hakuna, na mtihani ni wa kuandika. Matamshi hayana maksi, kwa hiyo hayana muda.

Mpigambizi

Mwalimu, Mungu akubariki kwa kuliandika hilo. Huyo binti naye alikuwa na busara: alisubiri kipindi kiishe.

Naendelea na mkazo, maana hapa ndipo kuna habari njema. Watu wanadhani mkazo wa Kiingereza hauna mpangilio. Maneno ya kawaida, sawa, yanachosha. Lakini haya ya kitaaluma mengi yametoka Kigiriki na Kilatini, na mkazo wake unafuata mkia wa neno. Ukiujua mkia, umejua mkazo.

Mikia ya "-ic" na "-tion" inafuata kanuni yetu ya Kiswahili, silabi ya pili kutoka mwisho. A-ka-DE-mik. Spe-SI-fik. Sta-TIS-tiks. In-fo-MEI-shan. Hapo lugha ya mama inatubeba, ilimradi usiongeze irabu mwishoni. Ukisema "akademiki" umeshausogeza mkazo.

Mikia ya "-ity", "-logy", "-graphy" na "-ical" inarudi hatua moja nyuma, silabi ya tatu kutoka mwisho. Va-LI-di-ti. Ri-lai-a-BI-li-ti. Me-tho-DO-lo-ji. Di-MO-gra-fi. Sta-TIS-ti-kal. Mengi ya "-sis" yenye silabi tatu na zaidi nayo yako kundi hili: hai-PO-thi-sis, a-NA-li-sis, SIN-thi-sis.

Ndiyo maana familia moja ya neno inatembeza mkazo kama watu wanaohama viti. A-na-laiz, mkazo mwanzoni, ukifanya kitendo. A-NA-li-sis, ukitaja kazi yenyewe. A-na-LI-ti-kal, ukisifia. Vile vile DE-mo-krat, di-MO-kra-si, de-mo-KRA-tik. Usijifunze neno moja moja. Jifunze familia, na uisome kwa sauti mfululizo mpaka masikio yasikie mkazo ukihama.

Wapo wakaidi. "Rhetoric" ina mkia wa "-ic" lakini ni RE-to-rik. "Arithmetic" ikiwa jina la somo ni a-RITH-ma-tik. Ni wachache, wabebe kichwani.

Daktari Mtarajiwa

Mkuu, ongeza hapo kwenye "-sis". Sisi wa udaktari tungefuata kanuni yako kavu tungeharibu. Maneno mengi ya "-osis" yanarudi kwenye kanuni ya Kiswahili: dai-ag-NO-sis, throm-BO-sis, oz-MO-sis, na kifua kikuu ni tyu-ba-kyu-LO-sis. Silabi ya pili kutoka mwisho.

Na wingi wake ndio unaotuchanganya wodini. Diagnosis ikiwa moja inaishia "sis", zikiwa nyingi ni "siiz", irabu ndefu. Hypotheses ni hai-PO-thi-siiz. Theses ni THI-siiz. Nilimsikia mwenzangu akisema ana "thesisizi" mbili.

Mpigambizi

Daktari, umenyoosha pale nilipokuwa nimeacha wazi. Wote wasome hilo la "-osis".

Bint Kilwa

Naomba niseme kuhusu "th", maana watu wa pwani tuna zawadi ambayo hatuitumii. Thelathini, thamani, dhahabu, dhambi. Sauti zote mbili za "th" za Kiingereza tunazo tangu utotoni, zimekuja na Kiarabu. "Theory" inaanza kama thamani. "The" inaanza kama dhahabu.

Chumba chetu cha hosteli tulikuwa wanne. Mmoja ametoka bara, kwao wanasema "selasini" na "zahabu", na kila akisema "theory" inatoka "siori". Alikuwa anaogopa sana. Sikumpa Kiingereza kabisa. Kila usiku kabla ya kulala nilimwambia aseme "thamani ya dhahabu" mara kumi, ncha ya ulimi iguse meno ya juu, apulize polepole. Wiki mbili. Siku moja yuko bafuni nikamsikia anasema peke yake, "theoretical, thio-RE-ti-kal", tena na mkazo mahali pake. Nilitoka kitandani nikamgongea mlango nikapiga vigelegele.

Kimara Mwisho

Bint Kilwa umenipa raha. Swali kwa mwanzisha uzi: Uingereza au Marekani? Maana "data" nasikia deita, nasikia daata, na "laboratory" ndiyo usiseme.

Mpigambizi

Chagua unachosikia zaidi, ukae nacho. Deita na daata zote ni sahihi. La-BO-ra-tri ni ya Uingereza, LA-bra-to-ri ya Marekani. "Research" hutamkwa ri-SACH na RI-sach, hakuna atakayekukosoa. Tusipoteze muda hapo.

Muda tuupe herufi zinazoandikwa zisitamkwe, maana macho ndiyo yanayotudanganya. Paradigm ni PA-ra-daim, "g" imelala. Psychology ni sai-KO-lo-ji. Debt ni det. Subtle ni SA-tal. Hierarchy ni HAI-a-ra-ki, "ch" yake ni "k". Na parameter, ambayo sisi tunaona "mita" ndani yake: ni pa-RA-mi-ta.

Jambo jingine ni irabu zisizokaziwa. Kiswahili kinaipa kila irabu haki yake, "a" ni "a" popote. Kiingereza kinakaza moja na nyingine kinazimeza karibu zipotee. Usihangaike kujifunza kumeza. Ukiikaza vizuri ile moja, ukairefusha kidogo, hizo nyingine zitapungua zenyewe.

Mwaka wa Tatu

Shikamooni. Mimi ndiye huyo mwenye wasilisho Alhamisi. Uchumi. Niko hosteli, bando langu ni la kuhesabu, na mpaka bumu liingie bado. Naomba mnisaidie maneno haya: regression, coefficient, variable, significance. Na nifanyeje ndani ya siku tatu?

Mpigambizi

Marahaba mdogo wangu. Ri-GRE-shan. Ko-i-FI-shant. VEA-ri-a-bal, mkazo mwanzoni kabisa. Sig-NI-fi-kans.

Siku tatu zinatosha. Leo usiku chapisha slaidi zako au ziandike kwenye karatasi. Chukua kalamu nyekundu, piga duara kwenye kila neno ulilowahi kuliona lakini hujawahi kulisikia. Usijidanganye kwamba unalijua. Nenda penye intaneti ya bure, maktaba au kwa rafiki, fungua kamusi na usikilize kila moja. Ukikosa sauti, angalia maandishi ya matamshi: kile kijistari kidogo kilichosimama juu kinakaa mbele ya silabi yenye mkazo. Kipo hata kwenye kamusi nyingi za karatasi. Weka alama yako ya kalamu juu ya silabi hiyo kwenye karatasi yako.

Kesho lisome kila neno ndani ya sentensi utakayoisema, si peke yake. Neno likiwa peke yake linatii, likiingia kwenye sentensi linarudi kwenye mazoea. Jirekodi kwa simu, haihitaji bando. Keshokutwa mpe mwenzako karatasi yenye alama, wewe simama useme bila kusoma, yeye akunyooshee kidole tu mkazo ukihama. Akicheka, tafuta mwenzako mwingine.

Mwl wa Mbagala

Na ukikosea mbele ya watu, usirudi nyuma kuomba samahani. Sema neno tena kwa usahihi katika sentensi inayofuata, endelea.

Kimara Mwisho

Tangu juzi nasikiliza maneno kwenye mwendokasi, Kimara hadi Posta, simu sikioni. Jana nimepata familia tatu kabla ya kufika Magomeni.

Mwaka wa Tatu

Wakuu nimerudi. Ijumaa leo. Jana tulikuwa kundi la pili. "Hypothesis" nimeisema mara nne na hakuna aliyegeuka. "Variable" niliikosea mara ya kwanza, nikafanya kama alivyosema mwalimu, nikaisema sawa sentensi iliyofuata.

Kwenye maswali mhadhiri akaniuliza kama tulipima heteroscedasticity. Yeye alilisema haraka sana, halikuwa kwenye karatasi yangu, na jibu lilikuwa lazima nilitaje. Nikalitazama limeandikwa kwenye slaidi ya mwisho. Nikatafuta mkia. "-ity". Nikahesabu kurudi nyuma tatu, nikasema he-te-ro-ske-das-TI-si-ti. Akaandika kitu kwenye karatasi yake, akauliza swali linalofuata.

Nilikuwa sahihi?

Mpigambizi

Ndiyo. Ni TI.